Pikipiki ya Kaka Ilipokataa Kuwaka

Katika jarida la mwaka jana tulisoma mashairi mengi ya mapenzi na insha tatu kuhusu faida za elimu. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike somo. Somo langu linahusu pikipiki iliyo na petroli tangini na injini nzima, lakini haiwaki kwa sababu umeme umepotea njiani. Najua wako watakaouliza msichana wa kidato cha tatu amejulia wapi mambo ya plagi na koili. Nimejulia uani kwetu hapa Maseno, mwezi wa tatu, kwa siku nne ambazo sitazisahau.

Kwanza nikumbushe jambo ambalo wengi wetu tunalipita tu. Hii barabara inayopita hapa kwetu kutoka Kisumu ndiyo inayokwenda hadi Busia, na Busia ndiko jina boda boda lilikozaliwa katika miaka ya 1960. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo katika mpaka wa Kenya na Uganda, wakiita abiria kwa Kiingereza chao cha mpakani. Baiskeli zilitawala miaka mingi. Pikipiki zilifurika mwaka 2008 baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya sisi 250. Leo ukisimama pale kituoni saa kumi na mbili asubuhi utaziona zimepangwa kama mbuzi sokoni Luanda. Moja kati ya hizo ni ya kaka yangu.

Nikisema ni ya kaka yangu nasema nusu ya ukweli. Aliichukua kwa mkopo, na kila siku ya Mungu hulipa shilingi 450 kwa simu. Amelipa miezi kumi na minne, imebaki minne. Ukikosa kulipa siku mbili wanakupigia simu. Ukikosa siku ya nne wanakuja na gari kuichukua, na zile pesa zote ulizolipa hazikutambui tena. Pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni hutoka katika pikipiki hiyo, na dawa za presha za nyanya vilevile.

Sasa sikiliza. Jumatano jioni ilinyesha mvua ya hapa kwetu, ile inayopanda kutoka ziwani alasiri na radi zake hadi mabati yanatetemeka. Kaka alifika amelowa, akaiegesha pikipiki kando ya jiko, akaifunga usukani na kuingia ndani. Alhamisi alfajiri akaamka, akaweka ufunguo, akabonyeza stata. Injini ikazunguka, nyu-nyu-nyu, lakini haikushika. Akabonyeza tena na tena mpaka stata ikachoka na sauti ikawa kama ya mzee anayekohoa. Akapiga kiki hadi jasho likamtoka. Kimya.

Akaikokota hadi kwa fundi. Fundi akaiweka kwenye stendi kubwa, akabonyeza stata, akaisikia imechoka, akasema, "Hii ni betri imekufa." Akatia betri mpya ya shilingi 2,800, akapiga kiki mara moja, injini ikanguruma. Kaka akalipa pesa yote aliyokuwa nayo. Siku hiyo hakulipa mkopo. Alifanya kazi mchana, na jioni alipokuwa akikata kona ya kushoto kuingia kijia cha kwetu pikipiki ikazima ghafla. Akadhani ni petroli chafu. Akaisukuma hatua mbili tatu, ikawaka, akafika.

Ijumaa asubuhi, lahaula! Haikuwaka. Betri mpya, stata inazunguka kwa nguvu za simba, na injini haishiki.

Hapo ndipo nilipoingia. Sikuwa fundi. Nilikuwa tu nimetoka kusoma mkondo wa umeme darasani, na mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amesema neno moja lililonikaa kichwani, kwamba saketi haina uchawi, umeme ama unapita ama haupiti, na ukitaka kujua unapokatika ufuate kutoka mwanzo. Ijumaa hiyo nikamwendea ofisini nikamwomba anikopeshe mita ya kupimia. Akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama baba anajua. Nikamwambia baba hayupo, yuko kaka. Akanipa mita, akaandika jina langu kitabuni, na akaniambia ikipotea nitalipa.

Jumamosi asubuhi kaka alikuwa ameketi juu ya kigogo, simu mkononi. Walikuwa wamempigia. "Nyamera," akaniambia, "hii si mtihani wa shule. Wacha nitafute pesa ninunue CDI." Fundi mwingine ndiye aliyemtajia CDI, kwa simu tu, bila kuiona pikipiki. Nikamwambia anipe saa moja.

Kabla sijaendelea, msomaji mpenzi, lazima ujue kwamba katika pikipiki nyingi kuna njia mbili za umeme, na watu huzichanganya. Njia ya kwanza hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, swichi ya ufunguo na kitufe, na huiamrisha stata izunguke. Taa na honi pia hula kutoka betri. Njia ya pili ni ya cheche. Ndani ya injini kuna sumaku inayozunguka karibu na koili za waya, na hapo umeme huzaliwa kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Umeme huo huingia kijisanduku kinachoitwa CDI, huhifadhiwa hapo kwa mamia ya volti, kisha huachiliwa ghafla kwenye koili ya moto, ambayo huupandisha hadi zaidi ya volti 10,000. Ndipo plagi hutoa cheche na petroli hushika. Katika pikipiki za namna hii cheche haitegemei betri. Unaweza kupiga kiki betri ikiwa imekufa fofofo na injini ikawaka. Ziko nyingine ambazo CDI yake hulishwa na betri, na hizo betri ikifa kabisa utapiga kiki hadi ukonde. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Chomoa fyuzi, chomoa plagi, piga kiki na utazame. Ukiona cheche bila fyuzi, basi yako haihitaji betri. Ya kaka ni ya namna hiyo ya kwanza.

Basi nikaanza mwanzo. Nikawasha ufunguo: taa ya mbele nyangavu, honi inalia mpaka kuku wakakimbia, stata inazunguka. Maana yake betri, fyuzi na swichi zinapeleka umeme. Hapo tayari nilijua kwamba ile shilingi 2,800 ilikwenda bure. Betri ya zamani haikuwa imekufa. Ilichoka kwa sababu kaka aliibonyeza nusu saa nzima, na fundi alipoikuta imechoka akadhani amemkamata mwizi. Nilinyamaza. Si vizuri kumwambia mtu habari kama hiyo kabla hajanywa chai.

Kisha cheche. Nikafungua plagi, nikairudisha ndani ya kofia yake, nikaulaza mwili wake wa chuma juu ya kichwa cha silinda, mbali na lile tundu. Ukiiweka karibu na tundu, mvuke wa petroli unaweza kushika moto na kukuunguza uso. Kaka akapiga kiki. Hakuna kitu. Tukaazima plagi ya jirani ambaye pikipiki yake ni ya aina moja na yetu. Hakuna. Nikaizungusha kofia ya plagi hadi ikatoka, nikakata ncha ya waya kidogo ipate shaba mpya, kwa maana maji ya mvua hupenda kujificha humo, nikairudisha. Hakuna.

"Si nimekuambia ni CDI," kaka akasema.

Hapa ndipo penye siri ya somo langu lote. Unajua ufunguo huizimaje injini ya namna hii? Mimi nilikuwa nikidhani ufunguo hukata umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. La hasha! Kutoka kwenye CDI hutoka waya mmoja mwembamba unaokwenda hadi kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima, swichi huuunganisha waya huo na mwili wa pikipiki, yaani na chuma, ambacho mafundi hukiita athi. Umeme wa cheche hukimbilia kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi, na injini inakufa. Ukiwasha, waya huo huachwa peke yake bila kugusana na kitu. Kazi ya waya huo ni kuua tu, ndiyo maana mimi nauita waya wa kuua. Sasa fikiria waya huo ukichubuka mahali fulani na shaba yake ikagusa fremu. Pikipiki itaamini kwamba imezimwa, hata kama ufunguo umewashwa, betri ni mpya na umebadilisha plagi kumi.

Nilifungua kifuniko cha ubavuni nikaitafuta CDI. Waya za pikipiki zina rangi, lakini kila kampuni ina rangi zake, kwa hiyo usikariri rangi. Fuata waya unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo. Nikauchomoa ule mmoja tu. Kisha, kwa upumbavu wangu, nikaishika plagi kwa vidole vitupu ili niione vizuri, nikamwambia kaka apige kiki.

Wenzangu, umeme ulinipiga hadi kwenye kiwiko. Nilipiga yowe mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kaka alidhani nimevunjika mkono, kumbe mimi ninaruka ninacheka, nasema, "Iko! Cheche iko!" Tafadhali usifanye hivyo. Tumia koleo lenye mpini wa plastiki. Tukajaribu tena kwa koleo, na cheche ilikuwa ya buluu, inapiga ta! ta! kila akikanyaga. Kwa kiki moja tulikuwa tumejua kwamba sumaku, CDI, koili na plagi, vyote ni vizima. Mhalifu alikuwa kwenye waya wa kuua, au ndani ya swichi.

Tulirudisha plagi, kaka akakanyaga, injini ikawaka. Furaha iliyoje! Lakini tulipotaka kuizima tukakumbuka kwamba waya wa kuua umechomolewa. Kaka aliuzungusha ufunguo, akautoa, akauweka mfukoni, injini bado inanguruma. Mama akauliza kama imepagawa. Mwishowe kaka akaishika breki, akatia gia na kuachia klachi ghafla, ikazima. Wako waendeshaji wanaoishi hivi, wameuchomoa waya huo na wanazima kwa gia kila siku. Kwangu mimi huo ni uvivu, na siku kebo ya gesi itakapokwama barabarani watajuta.

Sasa ilibaki kutafuta mahali penyewe. Kaka aliisimamisha pikipiki wima akiishikilia usukani, nami nikawasha ufunguo, nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa kuua na nyingine kwenye chuma cha fremu. Ufunguo ukiwashwa, mita inapaswa kunyamaza, kwa sababu waya na chuma havipaswi kukutana. Mita ikanyamaza. Nikashangaa. Nikaurudisha waya mahali pake, kaka akakanyaga, na injini ikawaka kama kwamba haijawahi kuugua!

Nilipigwa na butwaa. Ugonjwa uliojificha ni mbaya kuliko ugonjwa unaoonekana. Kaka akasema, "Basi imepona," akaishusha kwenye stendi ya kando ili akaoge akafanye kazi. Pikipiki ikaegemea, usukani ukajiangukia upande wa kushoto kama unavyofanya kila ikiegemea, na injini ikazima. Pu.

Tukatazamana.

Nikauchomoa tena ule waya, nikaweka mita. Usukani kushoto, mita inalia tiii. Usukani kulia, kimya. Kushoto, tiii. Mambo yote yakajipanga. Kaka hufunga usukani jioni, na hufungwa ukiwa umekatwa kushoto. Asubuhi hupiga kiki ikiwa imeegemea, usukani ukiwa kushoto. Kwa fundi iliwekwa kwenye stendi kubwa, gurudumu limenyooka, ndiyo maana iliwaka na betri ikapata sifa isiyostahili. Ilizima kwenye kona ya kushoto. Kila kitu tulikuwa tumekiona kwa macho yetu na hatukukiuliza swali.

Tukafungua taa ya mbele. Nyuma yake fungu la waya hupita shingoni mwa fremu kwenda kwenye swichi. Mtu fulani zamani alikuwa amelifunga kwa kamba ya plastiki ameikaza mno, na kila usukani ulipogeuka waya zilivutwa na kusugua ukingo wa chuma. Waya mmoja ulikuwa umechubuka kama urefu wa punje ya mchele, shaba inang'aa, na pale ukingoni rangi ya fremu ilikuwa imekwaruzwa. Maji ya Jumatano yalimalizia tu kazi iliyoanzishwa na kamba.

Tulikata kamba, tukaufunga waya kwa utepe mweusi wa mafundi wa stima, tukauachia ulegee. Ingekuwa hadithi nzuri kama ningeishia hapo. Lakini nilipokuwa nikirudisha taa niliubana waya mwingine, wa taa, na nilipowasha ufunguo fyuzi ikaungua. Kaka alikuwa na haraka. Akachukua ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaitia mahali pa fyuzi kama wanavyofanya kituoni. Taa haikuwaka, na moshi ukaanza kutoka chini ya tangi. Chini ya tangi la petroli! Niliing'oa ile karatasi kwa mkono, ikaniunguza kidole, kovu ninalo. Fyuzi ya ampea 10 imetengenezwa ife ili waya usife. Ukiweka karatasi inayovumilia kila kitu, kitakachokufa ni waya, au pikipiki, au wewe. Kijana wa jirani alitumwa dukani, akanunua fyuzi kwa shilingi 20, nami nikaufungua waya niliokuwa nimeubana.

Labda pikipiki ya kwenu ina ugonjwa mwingine, kwa hiyo niongeze haya kwa haraka. Ikiwa unabonyeza stata na unasikia tu ka-ka-ka, angalia betri na vichwa vyake kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye nati huzuia umeme, uusafishe kwa maji moto na ukaze nati. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Lakini kipimo hicho peke yake hudanganya, na kidato cha tatu wenzangu wanajua sababu: E = V + Ir. Tuseme stata inavuta ampea 40 na volti zinashuka kutoka 12.6 hadi 10.2. Zilizopotea ndani ya betri ni 2.4, gawanya kwa 40, ukinzani wa ndani ni omu 0.06. Hiyo bado ni nzuri. Ikishuka hadi 8 betri imezeeka, hata kama asubuhi ilisoma 12.6. Kwa hiyo pima betri mtu akiwa amebonyeza stata. Injini ikishawaka na kupewa gesi kidogo, mita isome karibu 14. Ikibaki 12, betri haichajiwi, na kununua nyingine ni kumwaga maji kwenye gunia. Halafu kabla ya yote hayo tazama kile kitufe chekundu cha kuzimia kilicho kwenye usukani. Watoto hupenda kukibonyeza. Niliwahi kuona mtu mzima akisukuma pikipiki kutoka njia ya Kombewa mpaka hapa kwa sababu ya kitufe hicho, na sitamtaja kwa kuwa anasalimiana na mama.

Kaka aliondoka Jumamosi saa nane mchana. Jioni alilipa siku moja, Jumapili akalipa nyingine na nusu, na Jumatatu walipopiga simu deni lilikuwa limebaki shilingi 675, wakamwachia. Alimwendea fundi kuulizia betri yake ya zamani, lakini ilikuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Mita niliirudisha Jumatatu, na mwalimu akaniuliza nimepata nini. Nilipomweleza, aliniita mbele nikawachorea kidato cha tatu chote ule waya ubaoni.

Siku hizi kaka akifika jioni huiegesha pale pale kando ya jiko, anakata usukani kushoto hadi mwisho, anapiga kiki mara moja. Injini ikishika, anaizima kwa ufunguo na kuingia kula.